Uzito, Kilima na Nguvu za Mwili: Somo kwa Kamati Zinazopanga Miradi ya Maji



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo kila kaya ya Mbuba inalijua kwa shingo na kwa magoti, ingawa ni nadra kuandikwa katika mihutasari ya vikao vyetu. Nalo ni uzito. Tunapopanga mradi wa maji huwa tunauliza: chanzo kiko umbali gani, watu wangapi watahudumiwa, na gharama ni shilingi ngapi? Maswali hayo ni mazuri. Hata hivyo, katika nchi ya vilima na mabonde kama Ngara, umbali peke yake hautoi picha kamili. Mita 400 za tambarare na mita 400 za kupanda kutoka bondeni si safari moja. Katika somo hili tutaeleza mzigo unafanya nini kwa mwendo na kwa nguvu za mwili, kisha tutaona kamati zetu zifanye nini.

Mwili unatembeaje?

Mtu akitembea bila mzigo, mwili wake hupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua, kama timazi la fundi linaloning'inia na kuyumba. Unapopanda hupungua kasi, unaposhuka huongeza kasi, na mwendo wa kushuka husaidia kuanza hatua inayofuata. Kwa njia hiyo sehemu kubwa ya nishati haipotei, bali hurudi kutumika tena. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya anaweza kutembea kwenye tambarare kwa saa nyingi.

Ukimwongezea mzigo, mambo hubadilika. Hatua huwa fupi. Nyayo hukaa chini muda mrefu zaidi, na muda ambao miguu yote miwili iko ardhini huongezeka, kwa sababu mwili unatafuta usalama. Mzigo ukiwa mgongoni kiwiliwili huinama mbele ili uzito usimvute mtu nyuma. Mzigo ukiwa kichwani, shingo na mgongo hukazwa viwe wima, na macho hayawezi kutazama chini kwa urahisi. Misuli inayofanya kazi hiyo ya kukaza nayo inachoka, hata kama mtu anatembea polepole.

Watafiti walipata nini?

Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Kenya kwa kina mama wa Kijaluo, waliozoea kubeba kichwani, na kina mama wa Kikikuyu, waliozoea kubeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Watafiti walipima hewa waliyovuta kina mama hao wakitembea, kwanza bila mzigo, kisha wakiwa na mizigo ya uzito mbalimbali. Matokeo yaliwashangaza wengi. Mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati. Mzigo ulipozidi hapo, gharama ilianza kupanda kufuatana na uzito: mzigo wa asilimia 30 ya mwili uliongeza matumizi kwa asilimia 10 hivi. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulieleza sababu: wanawake hao, kwa mazoezi ya tangu utotoni, waliweza kuokoa nishati zaidi ya watu wengine katika ule mwendo wa kupanda na kushuka.

Wako waliosoma habari hiyo wakasema, "Kumbe kina mama wa Kiafrika hawaumii." Hilo ni kosa, na tunaomba lisirudiwe katika vikao vyetu. Kwanza, vipimo vile vilifanyika kwenye mashine tambarare ya kutembelea, pasipo kilima, tope wala kokoto. Pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa jumla. Ulionyesha kwamba watu wanatofautiana sana, na waliobeba kichwani walilalamikia shingo. Tatu, utafiti wa mwaka 2018 katika Afrika Kusini, Ghana na Vietnam ulihusisha ubebaji wa maji na maumivu ya mwili, hasa upande wa shingo na mgongo wa juu. Kwa hiyo ustadi upo, tena ni wa kuheshimiwa, lakini hauondoi madhara.

Aidha, tunajifunza kwa wapagazi wa milima ya Nepal, ambao mwaka 2005 waliripotiwa kubeba mizigo inayokaribia uzito wa miili yao wenyewe. Siri yao kubwa ni mwendo wa polepole na mapumziko ya mara kwa mara. Hapa kwetu Tanzania, kwenye Mlima Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20. Wageni wanapopanda mlima, mizani hutumika getini kumlinda mwanaume mwenye afya anayelipwa ujira. Ni haki tujiulize: ni mizani gani inayomlinda mama na mtoto wanaopanda kutoka bondeni na dumu?

Kilima hakina punguzo

Ule mwendo wa kuokoa nishati unasaidia kwenye tambarare. Ukianza kupanda, kila kilo lazima inyanyuliwe, na hakuna ustadi wa shingo wala ngata unaoweza kuikwepa kazi hiyo. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila kamati inaweza kuurudia kwa vipimo vyake.

Mama ana kilo 60. Dumu la lita 20 lililojaa, pamoja na uzito wa dumu lenyewe, ni kilo 21 hivi. Jumla ni kilo 81. Kutoka chanzo cha maji hadi nyumbani kuna mwinuko wa mita 50, yaani tofauti ya kimo kati ya bonde na nyumba, bila kujali njia inazunguka kiasi gani.

Akipanda mikono mitupu kwa dakika 5, miguu yake inatoa nguvu ya wati 98 kwa ajili ya kupanda tu, karibu sawa na ile balbu ya zamani ya wati 100. Akitaka kupanda na dumu kwa dakika hizo hizo 5, anahitaji wati 132. Kama mwili wake hauna nguvu hizo za ziada, basi atalipa kwa muda: kwa wati zile zile 98 atatumia dakika 6 na sekunde 45. Mzigo umeongeza uzito kwa asilimia 35, na muda nao umeongezeka kwa asilimia 35. Ndivyo mzigo unavyokula nguvu: ama unaongeza jasho, ama unaongeza muda, na mara nyingi vyote viwili.

Sasa tuhesabu siku nzima. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, kutoka kituo kisichozidi mita 400 na kinachohudumia watu 250. Kaya ya watu 6 inahitaji lita 150. Tukiongeza kidogo kwa ajili ya kuku na mbuzi, tuseme madumu 8. Safari 8 za mita 50 ni mita 400 za kupanda kwa siku. Katika siku 15 kaya hiyo imepanda mita 6,000, wakati kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari.

Misuli hugeuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na inayobaki hutoka kama joto. Kwa hesabu hiyo, kupanda huko peke yake kunamaliza kilokalori 300 hivi kwa siku, sawa na gramu 80 na kitu za unga wa mahindi. Hapo hatujahesabu kuteremka, kusubiri foleni, kulima wala kunyonyesha. Katika miezi ya upungufu wa chakula, kilima kinashindana na sahani ya ugali.

Wanaokimbia milimani wanatufundisha nini?

Vijana wetu wanaopenda mbio watalielewa somo hili upesi. Anayekimbia hapati ile nafuu ya mwendo wa kutembea. Ukiongeza mzigo wa sehemu moja ya kumi ya mwili, gharama ya kukimbia nayo huongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyo, wanaoshindana kwenye njia za milimani hupima hata chupa ya maji na koti la mvua kabla ya kuondoka.

Mtanzania Simon Mtuy, mkimbiaji na mwongoza wageni wa Kilimanjaro, alipanda hadi kileleni na kushuka mwaka 2004 kwa muda usiofika saa 8 na nusu. Mwaka 2006 alirudia kazi hiyo akiwa amejibebea mwenyewe chakula, maji na nguo, akatumia zaidi ya saa 9. Siku mbili za mlimani hazifanani, na uzito si sababu pekee ya tofauti hiyo. Lakini hata kwa bingwa, kujibebea mahitaji yako ni jaribio la aina nyingine.

Wakimbiaji wametufundisha jambo jingine: mahali mzigo unapokaa pana maana kubwa. Mzigo ulio karibu na kiwiliwili na usiochezacheza ni nafuu kuliko unaoning'inia mkononi. Mzigo ulio mguuni ndio wa ghali kuliko yote, kwa sababu mguu hurushwa na kusimamishwa kwa kila hatua. Imepimwa kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza gharama ya kukimbia kwa asilimia 1 hivi. Wakati wa masika, udongo unaponata kwenye viatu vya plastiki au buti, anayepanda kutoka bondeni anabeba mzigo wa pili bila kujua. Kuweka changarawe na ngazi kwenye sehemu za utelezi ni kazi ya siku moja ya kujitolea, na faida yake ni ya kila siku.

Kuteremka nako kuna gharama

Wengi hudhani kuteremka ni kupumzika. Kwa pumzi ni kweli, kwa magoti si kweli. Anayeteremka na mzigo hutumia misuli ya mapaja kama breki. Misuli hiyo huvutwa ikirefuka huku ikizuia uzito, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoleta maumivu ya siku ya pili. Hapo ndipo mtu huteleza, na anayebeba kichwani haoni vizuri anapokanyaga. Hii inawahusu wanaoshusha kuni, mikungu ya ndizi au magunia ya maharage kutoka mashamba ya juu. Ushauri wetu ni rahisi: kupunguza kasi, kufupisha hatua, kwenda kwa kukata upande badala ya kushuka moja kwa moja, na kutua mzigo mara kwa mara.

Mtoto na dumu la lita 20

Kilo 21 kwa mama wa kilo 60 ni asilimia 35 ya mwili wake, tayari ni zaidi ya ile sehemu moja ya tano. Kwa mtoto wa kilo 30, dumu hilo hilo ni asilimia 70 ya mwili wake. Hata lita 10 kwake ni zaidi ya theluthi moja. Lita 5 ndizo zinazokaribia sehemu moja ya tano. Mtoto huyo yuko katika kukua, na baada ya kilima anatakiwa kwenda shuleni, mara nyingi kwa miguu, akiwa na akili iliyo tayari kusoma. Mwalimu akimwona anasinzia saa nne asubuhi, asiharakishe kumwita mvivu.

Mama mjamzito naye, na aliyejifungua karibuni, anastahili kutuliwa mzigo. Hilo halingoji mfadhili wala bomba. Linamhitaji mume, kijana wa kiume au jirani anayeweza kushika dumu.

Je, tupunguze tu ukubwa wa dumu?

Wengine watasema suluhisho ni kila mtu abebe kidogo. Kwa mtoto, ndiyo, tena mara moja. Kwa kaya nzima tutazame hesabu. Kwa madumu ya lita 20, kila safari hupandisha kilo 81, na safari 8 hupandisha kilo 648. Kwa madumu ya lita 10, kila safari ni kilo 70 na nusu, lakini safari zinakuwa 16, jumla kilo 1,128. Shingo imepata nafuu, miguu imeongezewa kazi kwa zaidi ya asilimia 70, na muda umekwenda.

Tazameni tena ile jumla ya kilo 648. Maji yaliyofika nyumbani ni kilo 160 tu, yaani robo. Robo tatu nyingine ni dumu lenyewe na hasa mwili wa mama, unaopandishwa kilimani mara nane kwa siku ili uyasindikize maji. Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kupunguza mzigo bila kupunguza kilima ni kuhamisha uchovu kutoka shingoni kwenda miguuni. Msaada wa kweli ni kuyafanya maji yapande bila mtu, au mtu apande mara chache zaidi.

Njia zipo. Baiskeli inayosukumwa na madumu manne, pamoja na anayeisukuma, ni kilo 164 hivi. Safari mbili zinatosha, jumla kilo 328, nusu ya zile za kubeba kichwani. Inahitaji mtu mwenye nguvu, breki nzima na njia inayopitika, lakini inawaingiza wanaume katika kazi ya maji, na hilo peke yake ni faida.

Paa la bati la mita za mraba 30, likipata mvua ya milimita 20, hukusanya lita 600. Hata sehemu moja ya tano ikipotea, zinabaki lita 480, yaani madumu 24, mahitaji ya siku tatu ya kaya yetu ya mfano. Mifereji ya bati na tangi kwenye paa la kanisa au la shule ni kilima kilichoondolewa kwa msimu mzima wa mvua.

Chemchemi ikiwa juu kuliko nyumba, maji ya mserereko yatashuka yenyewe. Ikiwa bondeni, pampu inahitajika. Wafadhili wetu watashangaa kusikia kwamba kupandisha lita 6,250, mahitaji ya watu 250 kwa siku, hadi mwinuko wa mita 50 ni kazi isiyofika uniti 1 ya umeme. Hata pampu na mabomba yakipoteza nusu, haifiki uniti 2. Kazi inayochosha kijiji kizima inafanywa na paneli chache za jua, mradi kuwe na mfuko wa matengenezo na fundi anayejulikana.

Kamati ifanye nini?

Kwanza, pimeni. Chukueni mizani ya sokoni au ya zahanati, mpime madumu, mafungu ya kuni na mikungu inayobebwa kweli, na uzito wa wanaobeba. Kila mzigo unaozidi sehemu moja ya tano ya mwili uwekewe alama. Msiandike majina, namba zinatosha.

Pili, pimeni mwinuko. Simu nyingi za sasa zina programu inayoonyesha kimo. Kama hakuna, tumieni mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojaa maji, kama ule wa mafundi ujenzi wanapotafuta usawa wa msingi, mkipanda nao kipande kwa kipande.

Tatu, andikeni mwinuko katika maombi ya mradi. Penye maneno "umbali kutoka chanzo" ongezeni mstari wa "mwinuko kutoka chanzo hadi nyumba ya juu kabisa". Vituo viwili vyenye umbali sawa vinaweza kutofautiana sana kwa jasho.

Nne, shirikianeni na RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019, pamoja na chombo cha watumia maji cha eneo lenu, kabla bomba la kwanza halijanunuliwa. Mahali pa kuweka kituo pajadiliwe na wanaobeba wenyewe, wakiwemo wajane na wazee wa nyumba za juu, ambao sauti zao hazifiki mbali.

Tano, kwa wafadhili: fundi akileta makisio mawili, moja la kituo cha bondeni na moja la kituo cha juu, bei ya bondeni itakuwa nafuu kwenye karatasi. Tunawaomba mfahamu kwamba tofauti ya bei hiyo haikufutwa. Imehamishiwa kwa kina mama, nao watailipa kila siku kwa miaka yote ya mradi.

Mtume Paulo, katika sura ya sita ya waraka wake kwa Wagalatia, anatuagiza tusaidiane kubeba mizigo, na katika sura hiyo hiyo anasema kila mtu atabeba wa kwake. Tunaona maneno hayo mawili yakikutana kwenye njia ya kisimani. Kila kaya ina wajibu wake, nayo jumuiya ina wajibu wa kuhakikisha kwamba wajibu huo hauvunji mgongo wa mtu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Katika kitongoji chetu, ni nani anayebeba maji mengi zaidi, na ana uzito gani yeye mwenyewe?
2. Kutoka chanzo chetu hadi nyumba ya juu kabisa kuna mwinuko wa mita ngapi?
3. Ni watoto wangapi wanaobeba dumu la lita 20? Tunaweza kukubaliana nini leo bila kusubiri fedha?
4. Wanaume wa jumuiya yetu wanashiriki vipi katika kazi ya maji na kuni?
5. Ni sehemu gani ya njia tunayoweza kuitengeneza wenyewe kabla ya mvua zijazo?

Majibu yenu tunayaomba kupitia ofisi ya parokia kabla ya kikao kijacho cha kupanga miradi, ili vipimo vyenu viingie katika maombi ya mwaka unaokuja. Mungu awabariki, na aitie nguvu migongo ya wote wanaobeba kwa ajili ya wengine.